Vilele Thelathini na Tisa

Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na siku saba baada ya mimi kufaulu ingefunga lango la maji la watu mia nne.

Siku ya utetezi sikuliona hilo kama jambo la kutisha. Nilikuwa na viatu vinavyobana na furaha iliyonizidi kimo. Watahini watatu waliuliza maswali yao, nikajibu, wakatoka, wakarudi, mwenyekiti akanipa mkono na kunipongeza kwa shahada ya uzamili ya maliasili na mazingira. Kisha akaigeukia skrini ya ukutani na kuuliza kama Mgawi amepokea. Mgawi akajibu, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, kwamba amepokea, na kwamba kanuni mpya ya mfereji wa Kwamwenda itaanza kutumika baada ya siku saba.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mama yangu husimulia kwamba enzi zake tasnifu zilikuwa zikipangwa kwenye rafu za maktaba kungoja mchwa. Mtu alisoma miaka miwili, akahesabu miti au samaki, akaandika mapendekezo kumi na mawili, na hakuna mto hata mmoja uliowahi kuyasikia. Baada ya Kiangazi cha Miaka Minne watu wakachoka. Ikapitishwa sheria kwamba kila tasnifu ya maliasili ikishakubaliwa inaingia moja kwa moja kwa Mgawi, mashine inayogawa maji, na Mgawi ndiye mwenye malango. Kila mfereji wa bonde letu una lango la chuma mdomoni, na kila lango linamsikiliza yeye. Hakuna waziri wa kupigiwa simu. Hakuna mjomba wa mtu. Takwimu zikisema funga, linafungwa.

Nilijiunga na masomo haya kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya maji, nimekaa ofisi ya bonde miaka mitatu nikiandika ripoti ambazo mkuu wangu alizitumia kuegemeza dirisha lisijifunge. Nilitaka kuandika kitu ambacho kikishaandikwa kitafanya kitu.

Kikafanya.

Nilichoandika ni hiki. Kwamwenda ni kijiji cha milimani, Upareni. Kina ndiva, yaani bwawa dogo la kuchimbwa kwa mikono, ambalo hujaa maji ya mfereji usiku kucha na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, familia kwa familia. Niliweka vihisi viwili, kimoja mdomoni mwa mfereji na kingine mahali mfereji unaporudi mtoni. Kwa siku mia moja na kumi na nane vilituma usomaji kila robo saa, lita ngapi kwa sekunde. Na katika siku hizo, siku thelathini na tisa ndiva nzima ilifunguliwa ikarudi mtoni bila kulowesha shamba hata moja.

Siku moja katika kila tatu. Nikaandika kwamba kijiji kina ziada. Nikapendekeza lango lao lifungwe siku moja katika kila tatu, na maji hayo yashuke hadi kinamasi cha Kiruru, kilichokuwa kinakufa huku tukikiangalia. Kambare walikuwa wanafia kwenye tope. Matete yamegeuka rangi ya karatasi kuukuu. Nilikiona kwa macho yangu, nikalia, na sikuona haya kulia.

*

Siku ya tatu nilipanda Kwamwenda kupeleka mrejesho. Sheria haidai hivyo. Ni adabu tu, na siku hizi wanafunzi wengi hutuma ujumbe wa simu.

Nakijwa alinipokea kwenye darasa la shule ya msingi, maana kamati ya maji haina ofisi. Yeye ndiye mwenyekiti wake, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye ulimi usiolala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kisha akanitazama toka juu hadi chini na kuuliza kama Wachaga tumeshamaliza maji ya Kilimanjaro, sasa tumefuata ya kwao.

Nikamwambia sisi tunafuata maji tu, wao Wapare watatufuata na kesi mahakamani kwa ajili ya ndoo moja.

"Ndoo moja tunakusamehe," alisema. "Ya pili tunakata rufaa."

Wajumbe sita waliokuwa kwenye madawati wakacheka, na mimi nikaanza kueleza. Nilisema polepole. Nilisema ziada. Nilisema siku moja katika kila tatu. Kicheko kilikwisha, lakini hakuna aliyepaza sauti. Mjumbe mmoja aliuliza zamu za familia zilizo mkiani mwa mfereji zitakuwaje, nikasema Mgawi atapanga. Akauliza kama Mgawi anawafahamu wa mkiani. Nikasema anafahamu lita.

Nakijwa aliomba aone hizo siku. Nilimfungulia ukurasa wa sitini na nne, ile grafu niliyojivunia kuliko kitu chochote, ambayo msimamizi wangu alisema inajieleza bila maneno. Mstari unakwenda chini chini, kisha ghafla kilele, kisha chini tena, kisha vilele viwili vimekaribiana. Nikamweleza kwamba mstari ukiwa chini maji yako shambani, na kila kilele ni siku waliyoirudisha ndiva mtoni.

Alivaa miwani. Akauliza tarehe zimeandikwa wapi, nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye kilele cha kwanza, akasogeza midomo kama mtu anayehesabu.

"Huyu ni baba mkwe wangu," alisema.

Nilidhani amepotea mahali. Nikamwambia hapo ni mtiririko wa tarehe kumi na nne Machi. Hakunisikiliza. Kidole kilihamia mbele.

"Huyu Namsifu wa kwa fundi. Hivi viwili ni mapacha wa Elinihaki, mmoja Jumanne, mwingine Alhamisi. Hiki sikijui." Akamgeukia mjumbe aliyekaa nyuma na kumtajia tarehe. Mjumbe akafikiri, akasema ni mwalimu Senzota, yule aliyeletwa kutoka hospitali ya wilaya. Nakijwa akatikisa kichwa na kuendelea.

Walikipitia kilele kimoja baada ya kingine. Wengine walikuja kusimama nyuma yetu, wakawa wanasaidia. Hawakulia. Walikuwa kama watu wanaosahihisha daftari, wanabishana kidogo kama mtu fulani alizikwa Ijumaa au Jumamosi, kisha grafu yangu inawaamulia. Mimi nilisimama katikati yao nikishikilia pembe ya karatasi isipeperuke.

Kwamwenda siku ya kuzika hawashiki jembe. Hata aliyefiwa akiwa mtu wa upande mwingine wa kijiji, ndiva haifunguliwi kwa shamba. Maji ya siku hiyo ni ya mto. Ndivyo walivyofanya bibi zao, na hakuna mtoto wa shule ya awali asiyelijua. Katika mwaka wa kawaida wanapoteza siku tatu, au nne. Mwaka niliofunga vihisi vyangu ulikuwa mwaka wa homa ya mapafu.

Niliisikia ile homa kwenye taarifa ya habari, nikiwa bwenini, nikijiandaa kwa mtihani wa takwimu. Nilikaa Kwamwenda siku mbili tu, nikafunga vifaa, nikashuka. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ina sentensi isemayo kwamba kwa teknolojia ya sasa uwepo wa mtafiti eneo la utafiti haukuhitajika. Msimamizi aliipigia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni: safi.

Nakijwa alivua miwani.

"Kwa hiyo mashine yenu inasema tuna maji mengi kwa sababu tulikufa sana."

Alinikunjia karatasi yangu mara nne, vizuri, akanirudishia mkononi, akaniambia chai iko tayari na nisiondoke na tumbo tupu nikaja kusema Wapare ni wachoyo.

*

Siku ya tano nilikuwa mbele ya skrini ya Mgawi kwenye jengo la idara. Nilidhani itachukua dakika kumi. Nilidhani ukweli ukishajulikana, kazi iliyobaki ni kuuandika mahali pake.

Nilimwambia nataka kuongeza maelezo kwenye takwimu za Kwamwenda. Mgawi akasema hapokei maelezo. Nikasema basi nataka kuongeza safu moja kwenye jedwali, safu ya sababu. Akasema safu ya sababu iliondolewa miaka sita iliyopita, kwani ilibainika kuwa watumiaji wengi waliijaza kwa uongo.

Nikauliza nikiwa nimekosea, nifanyeje. Akaniletea fomu ya marekebisho. Ina visanduku vitatu tu. Kifaa kibovu. Uzembe wa mtafiti. Takwimu za kughushi.

Vifaa vyangu havikuwa vibovu. Vilisoma kila lita kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao. Nikasema basi ni uzembe wangu, nilizisoma takwimu vibaya, nikasogeza kidole kwenye kisanduku cha pili. Mgawi akanionya kwa upole: kwa kosa la uzembe, vipimo vinarudiwa kwa misimu miwili, na katika misimu hiyo kanuni inaendelea kutumika.

"Misimu miwili," nikasema, "watu wa mkiani watakuwa wameshahama."

"Maoni yako hayawezi kuhifadhiwa," akasema Mgawi.

Nikauliza kisanduku kipi kinazuia lango leo. Akasema cha tatu.

Mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mwenye tasnifu ya nyuki, alikohoa mara mbili. Nikampisha. Yeye alimaliza kwa dakika kumi.

*

Daktari Tuntufye, msimamizi wangu, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walioisikia habari hii hutaka awe mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho, hakushika simu, na nilipofika kwenye mapacha alifumba macho.

Kisha akasema kwamba kwa miaka minne amekuwa akiandika barua kuomba safu ya sababu irudishwe, na kila mwaka anajibiwa kwa barua ileile, tarehe tu ndiyo inayobadilika. Nilimwomba tuandike nyingine, sote wawili, leo. Akasema ataandika, na itajibiwa mwezi wa sita.

Nikamwambia basi nitaweka alama kisanduku cha tatu.

Alipojibu hakuwa na hasira, na hilo lilinichosha zaidi. Alisema hakuna namba hata moja katika kazi yangu iliyo ya uongo. Maji yalirudi mtoni kweli siku thelathini na tisa. Nikisema nimeghushi, huo ndio utakuwa uongo wa kwanza katika tasnifu nzima, nami ndiye nitakayekuwa nimeuandika. Alisema watanifuta kwenye daftari la chuo na sitasoma tena popote katika nchi hii. Alisema tasnifu tano za wenzangu alizozisimamia zimenukuu takwimu zangu, na zote zitarudishwa kukaguliwa, na mmoja wa wenzangu hao ni mjamzito aliyetetea yake wiki iliyopita akiwa amekaa kwenye kiti.

"Na hayo bado ni madogo," akasema. "Fikiria kijiji kingine, watu wenye ziada ya kweli, wanaoikausha Kiruru kwa makusudi. Kesho watamshika mwanafunzi wangu mwingine mkono, watamwambia, sema umeghushi kama alivyosema Aikande. Utawaambia nini, binti? Kwamba uongo wako ulikuwa wa mazishi?"

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ningependa aseme upuuzi ili nipate wa kumfokea. Nilimuuliza Kwamwenda wafanye nini. Akasema hajui. Nikamuuliza Kiruru nao wafanye nini, kama dawa ya kinamasi ni watu kufa milimani. Akasema hajui hilo pia. Tulikaa ofisini mwake watu wawili wenye shahada tano kati yetu, na hakuna aliyejua kitu.

Nilipofika mlangoni aliniomba nilale kwanza, niamue kesho. Nikamwambia kesho ni siku ya sita, na Mgawi halali.

*

Nilitia alama asubuhi ya siku ya saba, ofisi zilipofunguliwa. Mgawi aliuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Aliuliza tena kwa maneno yaleyale, kwa mujibu wa utaratibu. Nikasema ndiyo. Akasema imepokelewa, kanuni ya mfereji wa Kwamwenda imefutwa, na kwamba ninatakiwa kurudisha kitambulisho cha mwanafunzi kwenye dirisha namba nne.

Dirisha namba nne lilikuwa limefungwa. Kulikuwa na karatasi imebandikwa: amekwenda kunywa chai.

*

Kamati ya maadili iliniita baada ya miezi miwili. Meza ndefu, watu watano, Mgawi ukutani akichukua kumbukumbu. Daktari Tuntufye alikaa upande, kwa sababu na yeye alikuwa akichunguzwa. Kulikuwa na mtu mwingine ambaye sikumtegemea. Walikuwa wamemwita mwakilishi wa Kiruru, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Bi Sifueli, msusi wa mikeka ya matete.

Walimpa nafasi ya kusema kwanza. Alisema waliambiwa maji yanakuja. Waliambiwa na tarehe. Alikata matete yote makavu kwenye kipande chake, akapandikiza machipukizi mapya, akayasimamia. Maji hayakuja. Alisema hayo yote akiwatazama wanakamati, kisha akanigeukia mimi.

"Nimesikia habari za hao wa juu, mwanangu, na Mungu awarehemu wafu wao. Lakini niambie. Walikufa wao, ndiyo wakahesabiwa vibaya. Na sisi tunangoja tufe wangapi ndiyo tuhesabiwe vizuri?"

Nimelifikiria swali hilo kila siku tangu siku ile. Pale pale nilimwambia kwamba Kiruru inaniuma. Nilikuwa na barua. Nakijwa na kamati yake walikuwa wameketi siku mbili wakakubaliana kushusha maji Kiruru siku tatu kila mwezi, kwa hiari yao, msiba uwepo au usiwepo. Niliitoa barua nikaiweka mezani. Mwenyekiti aliisoma, akaipitisha kwa wenzake, wakaisoma, ikarudi. Akamuuliza Mgawi kama anaweza kuipokea. Mgawi akasema hapokei ahadi za vijiji, anapokea matokeo ya tasnifu zilizokubaliwa.

Bi Sifueli aliomba aishike ile barua. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, akasema yeye anaipokea. Mwenyekiti akasema hilo haliko kwenye ajenda.

Ndipo wakaniletea karatasi. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati imezingatia umri wangu na rekodi yangu nzuri. Hawatanifuta. Watanisimamisha miaka miwili, kisha nitarudi, nitaandika tasnifu nyingine mahali pengine. Sharti ni moja tu, kusaini. Karatasi ilikuwa fupi: mimi fulani, nakiri kughushi takwimu, naomba radhi kwa idara, kwa chuo, na kwa mfumo wa ugawaji maji kwa kuupotosha.

Niliisoma mara tatu. Nilimtazama Daktari Tuntufye, naye alikuwa anaitazama kalamu iliyokuwa mbele yangu kwa jicho la mtu anayeomba. Nilijua nikikana kughushi, fomu yangu inabatilika na lango linafungwa leo. Nilijua pia kwamba shahada ile niliitaka. Bado naitaka. Sijaamka hata siku moja nikaona imeniishia hamu. Nataka kuupima mto hadi nizeeke, na nataka nikiusema usikilizwe.

Nilichukua kalamu. Nikaweka saini chini ya mstari wa kwanza, ule wa kukiri. Mistari iliyobaki nikaikata, mmoja baada ya mwingine, taratibu, wino ukapenya hadi upande wa pili.

Mwenyekiti alisema karatasi ile haikatwi. Alisema ama nasaini yote au nafutwa. Akaniuliza, kwa sauti ya baba aliyechoka, kuna ugumu gani kwa mtu aliyekwisha kukiri kosa kusema samahani.

Nikamwambia nimemkosea Nakijwa, kwa kuja kijijini kwake siku mbili na kuondoka, na huyo nilishamwambia uso kwa uso. Nikamwambia Bi Sifueli hapa naye ana haki ya kunikasirikia, na akitaka nishuke naye Kiruru leo nikapandikize matete, nashuka. Lakini karatasi yenu haiwataji hao.

"Jibu moja kwa kumbukumbu," akasema. "Unaomba radhi au huombi?"

"Siombi."

Mgawi akasema hakupata vizuri, akanitaka nirudie.

"Siombi radhi," nikasema. "Andika hivyo hivyo."